Freddie Mercury: Kijana wa Zanzibar aliyekosa Grammy, akaletewa maua akiwa hayupo

Hebu jaribu kitu. Piga mguu chini mara mbili, kisha piga makofi mara moja. Mguu, mguu, kofi. Rudia. Hata ukiwa ndani ya matatu ya Kisumu kwenda Bondo, imejaa hadi makanga ananing'inia mlangoni, kuna mtu atageuka na kuutambua wimbo kabla hujafungua mdomo. We Will Rock You. Umeusikia kwenye mechi za shule, kwenye matangazo ya biashara, hata kwenye harusi za watu ambao hawajawahi kununua albamu moja ya rock maishani.

Sasa muulize huyo aliyegeuka: aliyeimba alizaliwa wapi? Wengi watakuambia London. Wapi! Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, na jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Dunia inamjua kama Freddie Mercury, sauti ya bendi ya Queen ya Uingereza.

Naandika haya nikiwa Usenge, huku ziwani ambako usiku taa za wavuvi wa omena hujipanga juu ya maji utadhani kuna mji mwingine upande ule. Nina marafiki hapa wanaorekodi ngoma zao kwa simu na kompyuta za kuazima. Kila msimu wa tuzo ukifika, ni kilio kilekile: majina ya Nairobi yamejaa, yao hayamo. Kuna niliowaona wakiacha muziki kabisa kwa sababu ya orodha moja ya walioteuliwa. Orodha tu, msomaji wangu.

Ndiyo maana leo nataka tuipitie orodha ya Freddie, mimi na wewe, tuzo kwa tuzo. Utashangaa ni nini hakimo. Na utashangaa zaidi ukiangalia tarehe.

Mtoto wa mtunza fedha

Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Gujarat, India. Baba alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu ya Zanzibar, chini ya serikali ya kikoloni ya Waingereza. Maisha hayakuwa mabaya. Lakini Freddie alipofika umri wa miaka minane hivi alipakiwa melini akapelekwa shule ya bweni ya St Peter's, mjini Panchgani, India. Hebu fikiria mtoto wa rika la darasa la pili, bahari nzima iko kati yake na mama yake.

Huko ndiko alikojifunza piano. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Na akiwa na miaka kama kumi na miwili, yeye na wanafunzi wenzake wakaanzisha bendi, The Hectics, ya kuchezea pale pale shuleni.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yaliiangusha serikali ya Sultani, damu ikamwagika, na familia nyingi za Kiarabu na Kihindi zikakimbia. Akina Bulsara walikuwa miongoni mwao. Walitua Uingereza na kwenda kuishi Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na miaka 17.

Sasa sikiliza hapa, wewe unayeuza nguo kwenye mtandao ili upate hela ya studio. Freddie alisoma sanaa ya uchoraji na usanifu katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Cheti hakikumletea kitu cha maana papo hapo. Aliuza mitumba. Ndiyo, mitumba! Yeye na Roger Taylor, ambaye baadaye angekuwa mpiga ngoma wa Queen, walikuwa na kibanda cha nguo kuukuu katika soko la Kensington, London, kama tu wale jamaa wa Kibuye pale Kisumu. Aliwahi pia kubeba mizigo ya abiria Heathrow. Jioni alikuwa akitafuta bendi ya kumkubali.

Mwaka 1970 bendi ya Smile, ya Roger Taylor na mpiga gitaa Brian May, ilikimbiwa na mwimbaji wake. Freddie akaingia. Akaleta jina jipya, Queen. Akabadilisha na lake mwenyewe, Bulsara likawa Mercury. Hata nembo ya bendi aliichora yeye: simba wawili, kaa, na vibinti wawili wenye mabawa, zikiwa ni nyota za kuzaliwa za wanabendi wanne. Wa nne, mpiga besi John Deacon, aliingia mwaka 1971.

Tuzo zinaanza kuja

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Haikutikisa mtu. Ya pili, 1974, ikapanda kidogo. Kisha mwishoni mwa 1974 ukaja wimbo wa Killer Queen, uliotungwa na Freddie, ukafika nambari 2 kwenye chati za Uingereza. Mwaka uliofuata ukampa tuzo yake kubwa ya kwanza, Ivor Novello.

Kama hujawahi kuisikia, hii ni tuzo ya watunzi wa nyimbo wa Uingereza. Haijali nani ana video kali wala nani ana wafuasi wengi. Inaangalia wimbo umeandikwaje. Kwa hiyo wa kwanza kumwambia kijana huyu mhamiaji kwamba anaweza kazi walikuwa watu wa kalamu.

Halafu ikaja Bohemian Rhapsody, Oktoba 1975. Hii nayo Freddie aliitunga mwenyewe. Karibu dakika sita, haina kiitikio cha kurudiarudia, inaanza kama kilio cha piano, katikati inageuka opera, halafu gitaa zinalipuka, halafu inazima polepole. Watu wa biashara waliona ni ndefu mno kwa redio. Bendi ikakataa kuikata. Dijei Kenny Everett wa Capital Radio, London, akaupata wimbo kabla haujatoka rasmi, akaupiga mara kumi na nne katika wikendi moja. Basi kazi ikaisha. Ulikaa nambari 1 Uingereza kwa wiki tisa.

Mwaka 1976 wimbo huo ukaleta Ivor Novello nyingine, ya mauzo. Mwaka 1977, wenye kampuni za santuri Uingereza walipofanya sherehe yao ya kwanza ya tuzo ambazo leo tunaziita Brit, walichagua singo bora ya Uingereza ya miaka 25 iliyopita. Bohemian Rhapsody ilishinda, ikigawana nafasi na A Whiter Shade of Pale ya Procol Harum. Miaka 25, na wimbo wenyewe ulikuwa haujatimiza hata miwili!

Mpaka hapo unaona ni raha tupu. Subiri.

Grammy: nne kwa sifuri

Februari 1977, Marekani. Bohemian Rhapsody imeteuliwa mara mbili kwenye Grammy: uimbaji bora wa pop wa kundi, na mpangilio bora wa sauti. Hiyo ya pili ndiyo inayouma. Hebu usikilize tena ule wimbo, pale katikati, sauti za watu watatu zilizorekodiwa juu ya nyingine tena na tena hadi zikawa kwaya nzima. Nani angeshinda hapo?

Walishinda Starland Vocal Band, kwa wimbo wa Afternoon Delight. Uimbaji wa kundi ukaenda kwa Chicago, na If You Leave Me Now. Queen wakarudi mikono mitupu.

Mwaka 1981 wakajaribiwa tena. Kipindi hicho Marekani ilikuwa imewafungulia mlango: katika 1980 pekee walikuwa na nyimbo mbili zilizofika nambari 1 kule, Crazy Little Thing Called Love ya Freddie na Another One Bites the Dust ya John Deacon. Wakateuliwa mara mbili, moja kwa wimbo huo wa Deacon katika rock na nyingine ya mtayarishaji bora, wao pamoja na mwenzao Mack. Ya rock ikachukuliwa na Bob Seger na bendi yake. Ya utayarishaji ikachukuliwa na Phil Ramone.

Mara nne kuteuliwa, mara nne kukosa. Freddie Mercury hakushinda Grammy hata moja katika uhai wake.

Sitaki uchukulie kwamba kuna mtu aliiba. Grammy hupigiwa kura na watu wa fani ya muziki wa Marekani, na huko Bohemian Rhapsody ilikuwa imefika nambari 9 tu mwaka 1976. Chicago walikuwa watu wao wa nyumbani, na wimbo wao ni mzuri, tuseme ukweli. Kura huonyesha wapiga kura wanapenda nini mwaka ule. Ndivyo zilivyo kazi za kamati, iwe ya Los Angeles au ya kaunti. Zile American Music Awards za 1981, ambazo zilifuata maoni ya wanunuzi wa muziki, ziliupa Another One Bites the Dust tuzo ya singo ya rock. Wimbo uleule, msimu uleule, sanduku tofauti la kura.

Na Starland Vocal Band? Usiku ule wa 1977 waliondoka na tuzo ya wasanii wapya bora pia. Miaka michache baadaye walikuwa wameshavunjika. Siwacheki. Nakuonyesha tu kwamba karatasi ile ya mshindi haikuwabeba wao, na kuikosa hakukuzamisha Queen.

Dakika ishirini za Wembley

Usidhani Freddie alikuwa malaika, au bendi yake. Mwaka 1984 Queen walikwenda kupiga shoo Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wasanii wengi duniani walikuwa wamekataa kukanyaga huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina lao likawekwa kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Mataifa. Kwa mtu aliyezaliwa Afrika, hilo ni doa, na wasomaji wa rika letu wana haki ya kulisema.

Mwaka mmoja baadaye, 13 Julai 1985, ikawa Live Aid, tamasha la kuchangia watu wa njaa Ethiopia. Uwanja wa Wembley ulikuwa na watu zaidi ya 70,000, na televisheni zilibeba tamasha hilo pande zote za dunia. Kila msanii alipewa dakika chache tu. Queen walipata kama ishirini. Freddie alitoka na fulana nyeupe isiyo na mikono, akakaa kwenye piano, akaanza na Bohemian Rhapsody. Iangalie hiyo video. Kuna mahali anaimba sauti bila maneno, anawatupia watu, wanamrudishia, anapandisha, wanapanda naye. Kama umewahi kusimama kwenye mkesha wa benga na mwimbaji akaanza kuwataja watu mmoja mmoja hadi uwanja mzima unaitika, unajua kinachoendelea pale.

Shoo ile haikuwa na tuzo. Hakukuwa na kamati wala bahasha. Lakini mwaka 2005 watu wa muziki walipopiga kura Uingereza kuchagua onyesho bora la rock la wakati wote, waliichagua hiyo. Angalia mwaka, 2005. Freddie alikuwa amekufa miaka kumi na minne.

Mwaka wa 1987

Mwaka 1987 wenye Ivor Novello waliipa Queen tuzo ya mchango mkubwa kwa muziki wa Uingereza. Mwaka huohuo Freddie aliambiwa na madaktari kwamba ana Ukimwi.

Simama kidogo hapo. Mkono mmoja unapokea tuzo, mwingine karatasi ya hospitali.

Siku zile dawa zilikuwa karibu hakuna. AZT ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusiwa Marekani mwaka huo, na mchanganyiko wa dawa unaowawezesha watu kuishi miaka na miaka haukupatikana hadi katikati ya miaka ya 1990. Magazeti ya udaku ya London yalikuwa yanawinda wagonjwa kama fisi. Freddie aliwahi kuishi na Mary Austin, mwanamke aliyebaki kuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote hadi mwisho. Miaka yake ya mwisho aliishi na mwanamume, Jim Hutton. Yote hayo yalikuwa nyama tamu kwa waandishi. Akanyamaza. Waliojua walikuwa wachache, na wanabendi wenzake walipoambiwa, walilinda siri hiyo.

Halafu akafanya kazi kama mtu anayefukuzwa na jua linalozama. Barcelona, albamu aliyoimba na Montserrat Caballé, nyota wa opera wa Uhispania, ilitoka 1988. The Miracle, 1989. Innuendo, Februari 1991. Mei 1991 alipiga video ya These Are the Days of Our Lives. Iliwekwa rangi nyeusi na nyeupe, na hiyo ilisaidia kuficha jinsi alivyokuwa amekonda. Ndiyo video ya mwisho aliyosimama mbele ya kamera.

Kati ya hayo kuna usiku mmoja ninaotaka uukumbuke. Tarehe 18 Februari 1990, London, sherehe za Brit. Queen wameitwa jukwaani kupokea tuzo ya mchango mkubwa. Brian May ndiye aliyezungumza. Freddie, ambaye miaka mitano nyuma alikuwa amewashika watu wa Wembley mkononi kama kamba ya mashua, alisimama kando, amekonda, suti imemlegea. Alipofika kwenye kipaza sauti alishukuru kwa maneno machache sana, akaaga, wakaondoka. Hakuonekana jukwaani tena.

Uingereza nzima ilimpigia makofi mtu anayekufa, na karibu wote ukumbini hawakujua.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwa umma kwamba ana Ukimwi. Kesho yake usiku, nyumbani kwake Kensington, akafariki. Alikuwa na miaka 45. Alichomwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake, na majivu yake akakabidhiwa Mary Austin, ambaye hajawahi kuonyesha umma yalikowekwa.

Najua sisi huku hilo linatusumbua. Hii ndiyo Siaya, ambako mwaka 1987 nchi nzima ilifuatilia kesi ya wakili S.M. Otieno hadi mwili wake ukaletwa kuzikwa Nyalgunga, baada ya miezi ya mahakama. Kwetu mtu hurudi dala. Freddie hana dala. Hana kaburi ambalo unaweza kwenda ukaweka jiwe. Alichokiacha ni nyimbo, na kabati la tuzo lililoanza kujaa vizuri alipokwisha kuondoka.

Maua yanafika

Angalia tarehe sasa. Desemba 1991 Bohemian Rhapsody ikatolewa upya, pamoja na These Are the Days of Our Lives, mapato yakienda kwa shirika la Terrence Higgins Trust linalohudumia wenye virusi. Nambari 1 tena, safari hii wiki tano. Februari 1992, sherehe za Brit: These Are the Days of Our Lives singo bora ya Uingereza, na Freddie mwenyewe, peke yake, tuzo ya mchango mkubwa. Wenzake ndio waliopokea.

Aprili 20, 1992, Wembley ikajaa tena kwa tamasha la kumuaga, na fedha zake zikaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust ambao unapambana na Ukimwi hadi leo. Mwaka 1996 akasimamishiwa sanamu Montreux, Uswisi, kando ya ziwa. Mwaka 2001, Queen wakaingizwa kwenye jumba la heshima la rock kule Marekani. 2003, jumba la watunzi wa nyimbo. Na mwaka 2018 Grammy, ileile, ikawapa Queen tuzo ya heshima ya maisha. Tangu ule usiku wa Starland Vocal Band ilikuwa imepita miaka 41.

Mwaka huohuo ikatoka filamu ya Bohemian Rhapsody, na Februari 2019 ikashinda Oscar nne, mojawapo ya Rami Malek kwa kuigiza Freddie. Yaani kujifanya Freddie kulileta Oscar. Kuwa Freddie hakukuleta hata Grammy moja.

Na nyumbani alikozaliwa? Mwaka 2006 kulipangwa sherehe Zanzibar ya miaka 60 tangu azaliwe. Kundi la Uamsho likapinga kwa sababu ya maisha yake ya kimapenzi, na sherehe ikafutwa. Novemba 2019 jumba dogo la makumbusho yake likafunguliwa Shangani, Mji Mkongwe. Leo watalii wanapiga foleni.

Upande huu wa maji

Kuna mwanamuziki mwingine wa wakati huohuo, wa ng'ambo ya ziwa hili hili ninaloliangalia. Philly Bongoley Lutaaya, Mganda aliyekuwa akiishi Sweden. Mwaka 1989 alirudi kwao akatangaza wazi kwamba ana Ukimwi, msanii maarufu wa kwanza Uganda kufanya hivyo. Wengine walidhani anatafuta kiki. Alizunguka shuleni na makanisani akiwa mgonjwa, akaimba, akasimama mbele ya watoto wakamwona mwili ulivyokwisha. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989. Uganda humkumbuka kila Oktoba.

Siwalinganishi ili nimhukumu Freddie. Kila mtu alikuwa na adui wake, na kunyamaza kulikuwa na sababu. Nasema tu kwamba sisi wa kando ya ziwa tunaijua ile suti iliyolegea. Ugonjwa ulionekana mapema Kasensero, ufuo wa wavuvi kama huu wetu, upande wa Uganda. Huku ukaitwa chira, ukaitwa majina mengine, kila jina isipokuwa lenyewe. Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori zikawa kaunti zinazoongoza Kenya kwa maambukizi, na biashara ya samaki yenye mtindo wa jaboya ikachochea. Wazazi wa marafiki zangu walizikwa bila ya mtu kusema walikufa kwa nini. Kulikuwa na waimbaji, makocha, mafundi wa boti, walimu wa kwaya. Walisifiwa sana, matangani.

Hapo ndipo orodha ya Freddie inaniuma kuliko hadithi ya Grammy. Grammy kuikosa ni sawa tu, kazi yake haikuihitaji. Albamu ya Greatest Hits ya Queen, ya 1981, ndiyo iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza, zaidi ya nakala milioni 7, na hakuna kamati iliyoamua hivyo. Kinachouma ni kwamba wakati ule usiku wa 1990 alipohitaji kitu, ukumbi ulikuwa na makofi pekee. Tuzo haimuulizi mtu hali.

Kwa hiyo nina mambo mawili kwako, halafu nikuache uende.

La kwanza ni kwako unayerekodi. Ukikosa kuteuliwa mwaka huu, pole, inauma, sikudanganyi. Lakini rudi studio. Freddie alipokosa mwaka 1977, kabla ya mwaka kwisha bendi ilikuwa imetoa News of the World, albamu yenye We Will Rock You na We Are the Champions, hii ya pili kalamu yake mwenyewe. Hakuna kamati iliyokutana kukufundisha ile mguu, mguu, kofi, na bado unaijua.

La pili ni kwako unayesikiliza. Kuna mtu karibu nawe ambaye kazi yake imekubeba siku mbaya. Pengine ni yule mzee wa nyatiti anayeitwa kwenye matanga pekee, pengine ni msichana wa Bondo mwenye wafuasi mia mbili. Tuma hiyo hela ya ngoma yake. Mpigie simu. Na ukimwona amekonda, amenyamaza, haji tena mazoezini, usimpigie makofi ukaondoka. Nenda kwao umuulize anaendeleaje, na kama ni kliniki, mwambie mtakwenda wote.

Haya, nipe jina. Wewe wa kwako ni nani, na mara ya mwisho ulimpigia lini?